Sura ya Sita: Nani Amlilie Mke wa Bingwa?

Kuna watu ambao jamii imezoea kutowahurumia, na mke wa mwanamichezo tajiri ni mmoja wao. Akionekana gazetini akilalamika, jibu liko tayari midomoni mwa wasomaji: nyumba anayo, gari analo, watoto wanasoma shule za ada kubwa, mumewe kwa wiki moja analipwa fedha ambazo mwalimu wa shule ya msingi hatazishika maisha yake yote. Sasa analia nini? Jibu hilo lina uzito wake na sitalipuuza, kwa sababu linatoka kwa watu wanaojua maana ya kukosa. Lakini ndani yake mna kosa moja kubwa: linaichukulia fedha kuwa ndiyo kipimo cha maumivu. Hoja ya sura hii ni kwamba mwenzi wa mwanamichezo tajiri anastahili huruma yetu kila anapobebeshwa gharama za kazi ambayo faida yake inavunwa na wengine, na kwamba gharama hizo ni nzito kuliko tunavyodhani tukiwa mbele ya televisheni. Nitaanzia Marekani, kwenye ligi ya futiboli ya Kimarekani, NFL, kwa kuwa huko utajiri wa mchezo ni mkubwa mno, na yaliyotokea majumbani yamewekwa wazi mahakamani, hospitalini na magazetini.

Mwangalie Sylvia Mackey. Mumewe, John Mackey, aliichezea Baltimore Colts kuanzia 1963, na katika fainali ya Super Bowl ya Januari 1971 alidaka mpira akaufikisha mwisho wa uwanja, yadi 75, timu yake ikaishinda Dallas Cowboys 16 kwa 13. Alikuwa rais wa chama cha wachezaji, na kesi iliyobeba jina lake katika miaka ya 1970 iliwapunguzia wachezaji minyororo iliyowafunga kwenye timu zao. Mwaka 1992 aliingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huo. Kwa macho ya jirani, mwanamke aliyeolewa na mtu wa namna hiyo ameula. Lakini John alipokaribia miaka 60 akili yake ilianza kufifia. Alishikwa na dimenshia ya aina inayoshambulia sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayoongoza tabia, staha na uamuzi. Pensheni yake ya mchezo haikufika dola 2,500 kwa mwezi, kwa sababu enzi zake wachezaji hawakulipwa kama wanavyolipwa leo. Sylvia, aliyewahi kuwa mwanamitindo, akaanza kazi ya uhudumu wa ndege akiwa na umri wa miaka 56. Alihitaji mshahara, na zaidi ya mshahara alihitaji bima ya afya.

Ndani ya nyumba hiyo maisha hayakufanana na picha za magazeti. John alifika mahali akawa hataki kuoga wala kupiga mswaki. Kitu pekee ambacho akili yake iliendelea kukitii ni ligi, kwa hiyo mkewe akatunga barua zilizojifanya zimetoka kwa kamishna wa NFL, zikimwagiza mchezaji aoge na asafishe meno, na mzee akatii. Pete zake mbili, ya ubingwa na ya Ukumbi wa Mashujaa, hakukubali kamwe zimtoke vidoleni. Siku moja, katika uwanja wa ndege, walinzi walimtaka azivue zipite kwenye mashine. Alikataa, akawapenya akikimbia kuelekea lango la kupandia ndege, na walinzi wakamkamata na kumwangusha chini, shujaa wa taifa aliyekuwa hajui tena yuko wapi. Anayeishi na mtu wa namna hii kwa miaka analala macho wazi, anabuni hila za kumwogesha mwanamume mwenye mwili wa mchezaji na akili ya mtoto, na asubuhi anavaa sare na kwenda kazini. Hakuna kikombe kabatini kinachopunguza hata saa moja ya kazi hiyo.

Mwaka 2006 Sylvia aliandika barua nyingine, safari hii ya kweli, akiieleza ligi ugonjwa huo unavyomla mgonjwa na anayemwuguza. Mwaka uliofuata ligi na chama cha wachezaji wakaanzisha mpango ulioitwa 88, namba aliyoivaa John mgongoni, wa kulipia hadi dola 88,000 kwa mwaka kwa mchezaji mstaafu mwenye dimenshia anayetunzwa katika kituo cha uangalizi. John alifariki Julai 2011 akiwa na miaka 69, lakini mpango umeendelea kuwasaidia wengine, wakiwamo wachezaji ambao majina yao hayakumbukwi na mtu. Mlango huo ulifunguliwa na mke ambaye, kwa hesabu ya wengi wetu, hakuwa na haki ya kulalamika. Angenyamaza kwa kuona aibu ya kuitwa mke wa tajiri asiye na shukrani, familia nyingi zingeendelea kuuza nyumba zao ili kulipia uuguzi.

Habari ya ugonjwa wenyewe nayo imepita mikononi mwa familia. Mwaka 2002 daktari mzaliwa wa Nigeria, Bennet Omalu, aliuchunguza ubongo wa Mike Webster, mchezaji mashuhuri wa Pittsburgh Steelers aliyefariki akiwa na miaka 50, akakuta dalili za CTE, maradhi ya ubongo yanayohusishwa na kupigwa kichwani mara kwa mara. Alichapisha matokeo yake mwaka 2005, na madaktari waliokuwa katika kamati ya ligi wakataka makala hiyo iondolewe. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walitangaza kuwa kati ya bongo 111 za waliowahi kucheza NFL, 110 zilikuwa na CTE. Wao wenyewe walitahadharisha kwamba idadi hiyo haiwakilishi wachezaji wote, kwa kuwa familia zilizotoa bongo hizo aghalabu zilikwisha kuona dalili. Tahadhari hiyo ni ya haki, lakini inatuonyesha pia jambo jingine. Wake, watoto na wazazi ndio walioziona dalili kabla ya daktari: hasira isiyo na chanzo, bili zilizosahaulika, mtu anayepotea njia ya kwenda dukani. Na baada ya kifo, maiti ikiwa bado haijazikwa, wao ndio waliotakiwa kutoa ruhusa ubongo utolewe. Sayansi ambayo leo inawalinda watoto wanaocheza shuleni imesimama juu ya ruhusa hizo.

Kazi hiyo ilithaminiwa kwa kiasi gani? Wachezaji wastaafu na familia zao waliishtaki ligi, na suluhu iliyoidhinishwa na mahakama ya Philadelphia mwaka 2015 imekwisha kulipa zaidi ya dola bilioni moja. Katika mgawanyo wake, fungu la mke na watoto kwa madhara yaliyowapata wao wenyewe, mbali na yale ya mchezaji, liliwekwa kuwa asilimia moja ya malipo ya mchezaji. Asilimia moja kwa aliyefunga visu kabatini na kuacha kazi ili auguze. Baadaye ikagundulika kwamba vipimo vya kupata malipo vilichukulia kuwa mchezaji mweusi alianza maisha akiwa na uwezo mdogo wa akili kuliko mweupe, hivyo kuthibitisha kwamba ameporomoka kukawa kugumu zaidi kwake. Mei 2021 mchezaji wa zamani Ken Jenkins na mkewe Amy Lewis walifikisha mahakamani majina ya watu wapatao 50,000 waliotaka utaratibu huo ukome, na mwezi uliofuata ligi ikaahidi kuuacha. Hapo tena sauti ya mwenzi ilikuwa mstari wa mbele.

Mtu atasema kwamba hayo ni ya ugonjwa, na ugonjwa humpata yeyote. Lakini wale ambao waume zao ni wazima, je, fedha haiwatoshi? Kwanza tuiangalie fedha yenyewe. Chama cha wachezaji wa NFL kimekuwa kikieleza kwamba mchezaji wa kawaida hudumu kwenye ligi miaka mitatu na kitu. Mikataba mingi haina dhamana kamili, kwa hiyo mamilioni yanayotangazwa siku ya kusaini si lazima yafike benki. Mwaka 2009 jarida la Sports Illustrated liliandika kwamba asilimia 78 ya wachezaji wa NFL huwa wamefilisika au wamo katika dhiki ya fedha ndani ya miaka miwili ya kustaafu. Takwimu hiyo ilitiliwa shaka, na utafiti wa wanauchumi uliotoka mwaka 2015 ulihesabu wale tu waliofilisika kisheria, ukakuta ni karibu asilimia 16 katika miaka 12 ya kwanza baada ya kustaafu. Hata tukishika hesabu hiyo ya chini, ni takriban mchezaji mmoja kati ya sita, katika kundi ambalo dunia nzima inaamini limemaliza shida. Utajiri wa mwanamichezo huja mapema, hukaa kidogo, na huandikwa kwa jina la mtu mmoja.

Mwenzi wake naye hutoa miaka ileile kwa namna isiyoandikwa popote. Mwanasosholojia Steven Ortiz, aliyewafuatilia wake za wanamichezo kwa miaka mingi na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 2020, anaieleza ndoa ambayo kila kitu ndani yake hupangwa kwa ratiba ya kazi ya mume. Mchezaji akiuzwa katikati ya msimu, yeye hutakiwa kuripoti timu mpya upesi. Anayebaki nyuma kufunga mizigo, kuvunja mkataba wa nyumba, kuwatoa watoto shule na kuwatafutia nyingine ni mke. Akiwa na kazi yake, anaiacha. Akiwa masomoni, anaahirisha, na mara nyingi kuahirisha huko hakuna mwisho. Waswahili walisema usione vyaelea, vimeundwa. Mchezaji anayefika uwanjani amelala vya kutosha, amekula vizuri, na kichwa chake hakina wasiwasi wa homa ya mtoto, ameundwa na mtu nyumbani. Klabu hununua matokeo ya kazi hiyo bila kumlipa aliyeifanya, na mume akistaafu akiwa na miaka 30 na ushei, mkewe anakuta umri wa kujenga kazi yake mwenyewe umempita.

Zaidi ya hapo, fedha hizohizo huweza kumfunga mtu mdomo. Februari 2014, katika kasino moja ya Atlantic City, Ray Rice wa Baltimore Ravens alimpiga mchumba wake, Janay, akazimia ndani ya lifti. Rice alikuwa na mkataba wa dola milioni 35. Wawili hao walifunga ndoa Machi, siku moja baada ya Rice kufunguliwa mashtaka. Mei, klabu iliwaketisha pamoja mbele ya waandishi wa habari, na Janay, aliyepigwa, akasema anajutia nafasi yake katika tukio hilo; klabu ikayasambaza maneno hayo mtandaoni. Ligi ilimfungia Rice mechi mbili. Septemba ilipotoka video ya ndani ya lifti, klabu ilimwacha siku hiyohiyo, na hakucheza tena NFL. Watu wengi walimcheka Janay wakisema amevumilia kwa ajili ya fedha. Nadhani walilisoma jambo kinyume. Mwanamke maskini anayepigwa hunyamaza kwa kuogopa njaa, na huyu ananyamaza akijua kwamba neno lake moja linaweza kufuta kipato cha familia nzima, kuwakasirisha mashabiki wa jiji zima, na kumfanya yeye ndiye aliyeharibu msimu. Wanaomzunguka, kuanzia wakala hadi kocha, mikate yao inategemea mume aendelee kucheza. Anayetarajiwa kumsaidia ana maslahi katika ukimya wake.

Sasa niyajibu mapingamizi, nikianza na lile linalosema kwamba walichagua wenyewe. Kuchagua kunataka kujua. Ligi iliunda kamati ya majeraha ya kichwa mwaka 1994, na kwa miaka mingi kamati hiyo ikawa inaandika kwamba hatari ni ndogo. Hadi mwishoni mwa 2009 ndipo msemaji wa ligi alipokiri hadharani kwamba mishtuko ya ubongo inaweza kuacha madhara ya kudumu. Mwanamke aliyefunga ndoa katika miaka ya 1960 au ya 1990 hakuweza kukubali hatari ambayo wenye kuijua waliikana. Na hata hatari inayojulikana haifuti huruma. Mvuvi wa Kilwa anajua bahari inaua, na mkewe anajua, lakini chombo kikizama hakuna anayemwambia mjane kwamba alijitakia.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: dunia ina wanawake wanaojifungua bila mkunga na watoto wanaolala na njaa, kwa nini tumpe nafasi mke wa milionea? Kuhusu misaada, nakubaliana nalo moja kwa moja. Fedha za umma, mifuko ya dharura, muda wa mashirika ya hisani, vyote viende kwa walio na shida kubwa kwanza, na mke wa tajiri asimame nyuma ya foleni. Lakini huruma si unga wa msaada unaopimwa kwa kibaba, kwamba huyu akipewa, yule amepunjwa. Ni utayari wa kusikia kilichompata mtu na kukiita kwa jina lake. Anayejizoeza kuwanyima baadhi ya watu utayari huo hajiongezei huruma kwa maskini. Anajifunza kuuliza mali ya mtu kabla ya kuuliza maumivu yake. Tena tumeona kwamba malalamiko ya wenye majina ndiyo yaliyofungua mlango kwa wasio na majina. Kufikia 2014 majimbo yote 50 ya Marekani yalikuwa na sheria za kumlinda mwanafunzi aliyeumia kichwa michezoni. Hayo yaliletwa na wengi, wakiwamo wazazi wa watoto walioumia, lakini nyumba za mabingwa ndizo zilizoifanya nchi nzima isikilize.

Pingamizi la tatu linasema wapo wanaoolewa, au wanaooa, kwa kufuata fedha. Wapo, na hatuhitaji kwenda Marekani kuwatafuta. Agnes Tirop wa Kenya, aliyeweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee nchini Ujerumani Septemba 2021, alikutwa ameuawa nyumbani kwake Iten mwezi uliofuata akiwa na miaka 25. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji, naye akakana. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyetoka kukimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto Trans Nzoia na mwanamume aliyekuwa mwenzi wake, na familia yake ikaeleza kuwa palikuwa na ugomvi wa kiwanja. Mambo haya hayabomoi hoja yangu, yanaipa mipaka. Sikusema kila mwenzi ni mwema. Nimesema huruma imfuate anayebeba madhara, awe mke au mume, awe mwenye jina au asiye nalo. Aliyeumia Baltimore alikuwa mwenzi wa mchezaji. Walioumia Iten na Trans Nzoia walikuwa wachezaji wenyewe. Kipimo ni kilekile, na ndicho kinachotuwezesha kumtofautisha aliyeumizwa na aliyeumiza bila kuangalia cheo chake ndani ya ndoa.

Kipimo hicho kinatusaidia pia kuchuja malalamiko. Si kila kero ni mzigo. Anayekasirika kwa sababu amepigwa picha akiwa na miwani ya jua, au kwa sababu jina lake halikutajwa kwenye sherehe ya ubingwa, hadai machozi yetu. Lakini mwenzi anayesikia nyumba ikivunjwa yeye na familia wakiwa ndani, kwa kuwa dunia nzima inajua mume yuko uwanjani saa ile, huyo ameumia kwa sababu ya kazi ya mume. Desemba 2023 ndivyo ilivyokuwa nyumbani kwa Jack Grealish wa Manchester City, akicheza ugenini dhidi ya Everton huku familia yake ikiangalia mechi. Tukiuliza swali moja tu, kwamba je, hili limempata kwa sababu ya kazi ambayo wengine wananufaika nayo, tutaona ni lipi la kupuuza na lipi la kusikiliza.

Wasomaji wa Afrika Mashariki hawapaswi kuiona hoja hii kuwa ngeni, maana mahakama zetu zilikwisha kuigusa. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba kazi za nyumbani anazofanya mke zinahesabika kuwa mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa, kwa mujibu wa kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa kuwa mahakama iliona fungu lake alikwisha kulitumia, lakini msingi ukasimama. Kenya nayo, katika Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, imetaja malezi ya watoto, kazi za nyumbani, kuendesha biashara ya familia na kazi ya shamba kuwa michango isiyo ya fedha. Msingi huo haukuwekewa kiwango cha mali. Kama jasho la mke wa karani linahesabika, la mke wa bingwa haliwezi kufutika kwa sababu tu mshahara uliokuja ulikuwa mkubwa.

Huruma ninayoitetea ina kazi ya kufanya. Inataka klabu zimweleze mwenzi wa mchezaji dalili za jeraha la ubongo kama zinavyomweleza mchezaji, kwa kuwa yeye ndiye atakayeziona kwanza. Inataka anayepigwa apate mahali pa kusemea pasipomilikiwa na klabu. Inataka aliyeuguza miaka kumi asihesabiwe kwa asilimia moja. Hakuna hata moja kati ya hayo linalochukua tonge mdomoni mwa maskini. Gharama yake inatoka kwenye mapato ya mchezo wenyewe, ambayo ni mengi na yanaendelea kukua. Sisi mashabiki tunalipia tiketi, jezi na king'amuzi, na fedha hizo ndizo zinazomrudisha mchezaji uwanjani kabla hajapona. Kwa hiyo madhara yanayofika nyumbani kwake yana mkono wetu ndani yake, na huruma yetu kwa anayeyabeba ni sehemu ya deni ambalo hatujalilipa.